Mama mkwe amechanganya vidonge vya utafiti, na mimi ndiye niliyevileta

Kosa wanalofanya wengi wakipewa kazi iliyokwisha kupita kwenye mikono mingine mingi ni kudhani kwamba wajibu wa kazi hiyo umepungua njiani. Wanaona kila mkono umebaki na kipande chake, hivi kwamba kazi inapowafikia wao kinachobaki ni jasho na mshahara tu, na mwenye kujibu maswali yuko mbali huko juu. Nimelikuta kosa hilo katika barua ya juma hili, limeandikwa kwa mwandiko safi kabisa, na mama aliyeliandika hajui kwamba ni lake. Barua yenyewe imenichekesha, lakini ndani yake kuna jambo lisiloweza kusubiri, ndiyo maana nimeitanguliza mbele ya nyingine. Majina nimeyabadili.

*

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu kutoka Busunzu, na naomba unisaidie maana kichwa changu kimejaa na kila ninayemweleza hapa ama ni ndugu wa mama mkwe au ni rafiki wa mama mkwe, kwa hiyo nimeona nikuandikie wewe ambaye hunijui.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeolewa hapa na mume wangu Hashimu, na tangu mwaka jana nina kazi ambayo sikuitarajia, nayo ni kuwatembelea akina mama wenye maumivu ya magoti waliokubali kujaribu dawa mpya. Dawa yenyewe ni ya kampuni ya Ulaya lakini kampuni hiyo haikuja hapa, iliikabidhi kazi ya kuijaribu kwa kampuni nyingine iliyoko Dar es Salaam ambayo biashara yake ni hiyo tu, kuwafanyia wenye dawa majaribio yao, na hao wa Dar wakaona huku ni mbali wakakodi ofisi ndogo ya Kasulu, na ofisi ya Kasulu ikatukodi sisi tunaojua Kiha na njia za vijijini, kwa hiyo mimi nikivaa fulana yangu yenye nembo watu wananiita daktari, kumbe mwenye dawa mwenyewe hajui hata kama nimezaliwa.

Akina mama walipimwa hospitali, waliofaa wakaandikishwa, na kila mmoja akawa anapewa kichupa chake chenye namba. Nusu ya vichupa vina dawa na nusu vina vidonge visivyo na dawa, vinafanana kama maharage ya ganda moja, hata mimi sijui kipi ni kipi na sitakiwi kujua. Yote haya niliwaeleza kwa Kiha, taratibu, wakaitikia, wakaweka dole gumba, na mama mkwe wangu Mwanahawa alikuwa wa kwanza kuweka kwa sababu yeye ni kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaolima kwa zamu, leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, na akitangulia yeye wenzake hawabaki nyuma.

Sasa mshauri, siku moja nilikwenda kumwona bila kumtaarifu, nikaambiwa yuko shambani, nikawakuta wamemaliza kupalilia wamekaa ukingoni wanakunywa togwa, na mama mkwe ameshika kibuyu cha kuwekea mbegu anawamiminia viganjani mmoja mmoja kama anagawa karanga. Nikasogea nikaona si karanga.

Nikamwuliza, "Mama, hivyo ni vidonge vya nani?"

"Vyetu," akasema, kisha akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mkwe wangu, kaa chini unywe togwa."

"Vya nani lakini, mama? Kila mtu ana namba yake."

"Namba tumeacha nyumbani. Vidonge vyote tulivimwaga humu siku ile ile ulipotupa kisogo."

Akanieleza kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto. "Si ulisema mwenyewe kwamba wengine wana dawa na wengine wana unga? Haya, magoti ya huyu yakipona na yangu yakabaki vilevile, atalima mistari mingapi na mimi nitalima mingapi? Na siku ya zamu yangu atakuja na moyo gani? Ungetuvunjia kikundi, Kuruthumu. Humu kila mtu anaokota, leo dawa, kesho unga, hakuna aliyependelewa."

Bibi Ntirampeba naye akadakia, "Mwache, huyu kasoma, anaogopa kibuyu," wakacheka wote, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu mama mkwe alisimama, akachuchumaa, akasimama tena bila kushika kitu, kunionesha, na mwaka jana alikuwa hawezi kuinuka kwenye mkeka bila kuvutwa.

Huyo Bibi Ntirampeba ni rafiki wa mama mkwe tangu usichana wao, na magoti yake ndiyo mabaya kuliko ya wote, lakini hospitali walimkataa kwa sababu ana vidonda vya tumbo, wakasema dawa hii si salama kwa mtu mwenye vidonda. Wenzake wakaona ameonewa, kwa hiyo naye ana fungu lake kwenye kibuyu. Magoti yake yamepata nafuu kweli, ila siku hizi analalamika kwamba tumbo linamwaka, ameacha kula maharage na togwa ananusa tu, akiulizwa anasema ni uzee.

Niliporudi niliwaza sana, nikampigia msimamizi wangu wa Kasulu, anaitwa Kipriani, nikamweleza habari za kibuyu. Akaniuliza, "Dada, wamemeza au hawajameza?" Nikasema wamemeza. "Basi jaza kwamba wamemeza. Kwenye kishikwambi chako cha kujazia majibu hakuna swali la kibuyu." Nikamwambia lakini si ndivyo walivyoelekezwa. Akasema, "Sisi tumekodiwa kupeleka majibu, hatujakodiwa kufikiri. Wenye kufikiri wako Dar, na wenye dawa wako Ulaya. Ukianza kuleta habari za vibuyu watatuondoa wote, mimi na wewe." Na mimi, mshauri, nikajaza kwamba wamemeza kama walivyoelekezwa, na mara iliyofuata nikajaza hivyo tena.

Nikamwambia mume wangu, akasema, "Mama yangu anatembea, kikundi kinalima, wewe una kazi, unatafuta nini zaidi? Niachie amani nyumbani." Lakini mimi sina amani, kila nikiwaona wanakunywa togwa yao nakumbuka nilichojaza, nikisema kikundi kitaondolewa kwenye utafiti na mama mkwe ataaibika mbele ya wenzake, tena kwa mdomo wa mke wa mwanawe, na kazi yangu huenda ikaishia hapo, na nikinyamaza naona kama ninawadanganya watu nisiowajua kuhusu dawa ambayo wengine wataimeza. Nifanye nini? Nisamehe kwa kuandika mengi, na sikuweka namba ya simu kwa sababu naogopa kujulikana.

Kuruthumu, Busunzu.

*

Kuruthumu,

Nilicheka nilipofika kwa mama mkwe anayechuchumaa na kuinuka mbele yako kwa majivuno, na sioni haya kusema hivyo. Nampenda kabla sijamwona. Nitakueleza jambo moja au mawili polepole, kisha nitakugombeza kidogo, kwa sababu vyote viwili unavihitaji.

Nadhani ulieleza vizuri kwamba kuna vidonge visivyo na dawa, lakini hukueleza kwa nini vipo, labda kwa sababu na wewe hukuelezwa. Magoti ya mkulima yana majira yake. Wakati wa kupalilia yanalia, baada ya mavuno yananyamaza yenyewe. Mtu akimeza kidonge mwezi ambao jembe limetundikwa, akapata nafuu, ataapa kwamba kidonge ndicho kilichomponya. Njia ya kujua ni kuwatafuta wengine wa umri ule ule, wenye kazi ile ile, wakameza kisicho na dawa katika miezi hiyo hiyo, kisha kulinganisha. Hata nafuu ya mama mkwe wako, ambayo wote mmeifurahia, leo hakuna anayeweza kusema imetoka kwenye dawa, au kwenye majira, au kwenye furaha ya kukaa na wenzake.

Lifikirie kama shamba la mahindi. Unataka kujua kama mbolea mpya inafaa, kwa hiyo unaligawa shamba mara mbili, upande huu unaweka mbolea na upande ule huweki. Unakwenda zako sokoni Kibondo. Nyuma yako anapita mtu mwenye huruma, anaona upande mmoja umenyimwa, anachota mbolea na kuisambaza kote sawasawa. Siku ya kuvuna pande zote mbili zinalingana. Utasemaje? Utasema mbolea haifai kitu, kumbe inafaa sana. Ndivyo kibuyu kilivyofanya. Dawa inayoweza kumsaidia mwanamke wa Munanila au wa bara jingine inaweza kutupwa kwa sababu akina mama wa Busunzu walikuwa na haki kupita kiasi.

Na kuna upande wa pili ulio mbaya zaidi. Tuseme dawa hiyo inaumiza matumbo. Kwa kuwa mmechanganya, hata wale walioandikwa kwamba wanameza visivyo na dawa watalalamika matumbo. Wataalamu wataona malalamiko yamelingana, watasema basi si dawa, ni chakula cha huko. Itaidhinishwa na kuuzwa. Kwa hiyo unapojiuliza kama unawadanganya watu usiowajua, jibu ni ndiyo. Hukukusudia, lakini ndivyo ilivyo.

Tuje kwa Kipriani. Kukodi watu si kosa, nami sitaki wasomaji waondoke hapa wakidhani ni ujanja wa wazungu. Kampuni inayotengeneza dawa inajua kemia, haijui njia ya Busunzu wakati wa mvua, na afadhali iwape kazi wanaoijua kuliko kujifanya. Mwenye harusi hukodi mpishi, na mpishi hutafuta wa kuni na wa kuchambua mchele, nasi sote hula vizuri. Lakini yule anayechambua mchele akiona mawe akanyamaza kwa kuwa yeye amekodiwa tu kuchambua, mpishi atayajuaje? Wote wanaweza kukodi mikono na miguu. Kusema ulichokiona hakuna anayeweza kukusaidia, kwa sababu wewe ndiye uliyekiona. Wa Kasulu hakuwa shambani. Wa Dar hakuwa. Wa Ulaya hata togwa haijui. Ukinyamaza wewe, hao wa juu yako hawana wanachoficha na hawana wanachoweza kusema.

Hapa sasa nakugombeza. Uliandika kwamba wamemeza kama walivyoelekezwa. Hawakumeza hivyo, nawe ulijua, na mara ya pili ulijua zaidi. Usiniambie kwamba kishikwambi hakina swali la kibuyu. Maswali ya kishikwambi yaliandikwa na mtu ambaye hajawahi kulima kwa zamu maishani mwake, na wewe ulikodiwa kwa sababu hiyo hasa, ili lile asilolijua yeye apate wa kumwambia. Kama wangetaka mtu wa kuweka alama tu wangemtafuta mtu wa Dar akaziweka kwa simu. Na yule Kipriani anayesema hakukodiwa kufikiri, mwambie kwa heshima kwamba hakuna mkataba wa namna hiyo hapa duniani.

Unaogopa aibu ya mama mkwe. Aibu ipi? Hakuiba wala hakuuza. Aliona jambo ambalo wasomi wote wa mnyororo huo mrefu hawakuliona, kwamba watu wanaolima pamoja huwezi kuwaponya nusu ukawaacha nusu bila kuwagombanisha. Kama mtu angewauliza mapema, wangeweza kukipa kikundi kizima aina moja ya vidonge, na kikundi cha kijiji kingine aina ya pili, wakalinganisha vikundi badala ya kulinganisha mtu na jirani yake. Utafiti wa namna hiyo upo na unafanyika. Alichokosea mama mkwe ni kutenda bila kusema, na hilo ndilo kosa lako pia, kwa hiyo kaeni chini mkiwa sawa.

Nenda kwake bila fulana ya nembo. Mweleze habari ya shamba la mahindi kwa Kiha, usimharakishe, na usianze na neno "umeharibu". Akikuuliza maswali, yajibu yote. Kisha mwombe mwongozane akamweleze yeye mwenyewe daktari anayesimamia utafiti. Jina la daktari huyo na namba yake ya simu vipo kwenye karatasi waliyoweka dole gumba, pamoja na namba ya kamati inayolinda haki za watu wanaojaribiwa dawa. Karatasi hiyo ni yao, si ya Kasulu, na huhitaji ruhusa ya Kipriani kupiga namba hizo. Yeye mjulishe siku hiyo hiyo, ili asiseme ulipita nyuma ya mgongo wake. Mama mkwe akisema kwa mdomo wake, atakuwa kiongozi aliyekwenda kutoa taarifa. Ukisema wewe bila yeye kujua, utakuwa mkwe aliyemchongea, na hapo Hashimu atakuwa na haki ya kukununia.

Yale uliyojaza usiyafute. Omba yaandikwe marekebisho, ueleze ulichokiona na lini ulikijua. Mtafiti anaweza kufanya kazi na kosa analolijua. Ataweka majibu ya kikundi chenu kando, atawapima upya, huenda akabadilisha utaratibu kwa vijiji vingine. Kosa asilolijua ndilo linalomwangusha.

Kuhusu kazi yako sitakuahidi kitu, maana mimi si mwajiri wako. Inawezekana ikaisha. Inawezekana pia wakaona kwamba katika watu wote waliowakodi, mmoja ana macho. Ninachojua ni kwamba wakipima damu wataona dawa kwa watu wasiotakiwa kuwa nayo, na siku hiyo wataanza kuuliza nani aliyejaza. Afadhali wakukute umekwisha sema.

Na akina mama waambie hili pia. Wana hiari ya kujitoa kwenye utafiti wakati wowote bila kugombana na mtu, na wana hiari ya kuuliza watatibiwa vipi magoti yao baada ya hapo. Wakienda wote kama kikundi wataulizwa vizuri na watajibiwa vizuri. Wasione wamefukuzwa.

Hayo yote yanahitaji utulivu, na unaweza kuyafanya kesho na keshokutwa. Bibi Ntirampeba hahitaji utulivu, anahitaji daktari. Umemwandika katikati ya barua kama mtu anayetaja hali ya hewa, nami hapo ndipo nilipoacha kucheka. Hakuonewa alipokataliwa. Alilindwa. Dawa nyingi za maumivu ya viungo huchubua tumbo, na kwa mwenye vidonda zinaweza kumtoa damu ndani kwa ndani bila yeye kuiona, ila choo kinakuwa cheusi na mwili unachoka. Mtu anayeacha kula maharage aliyoyalima mwenyewe hasumbuliwi na uzee. Ungeniachia namba ya simu ningekuwa nimekupigia nilipomaliza kusoma. Hashimu anataka amani nyumbani, na amani hiyo kwa sasa iko kwenye tumbo la bibi huyu. Akipatwa na jambo, kibuyu hakitakuwa tena habari ya kuchekesha pembeni mwa shamba, na mama mkwe wako hatajisamehe.

Kwa hiyo usingoje Kipriani, usingoje zamu ya nani inafuata. Leo mwambie Bibi Ntirampeba asimeze tena hata kidonge kimoja, mpandishe bodaboda na umpeleke hospitali ya Kibondo pamoja na vidonge hivyo.